Nyumba Zisizo na Paa

Mjane wa ami yangu Seif alikuja kutoka Sur na katoni iliyofungwa kwa kamba ya plastiki, akaniwekea katikati ya sebule. Alisema nguo za marehemu amezitoa sadaka na vyombo amewagawia majirani, ila vitu hivi hakujua avipeleke wapi, na wanawe wamemwambia labda mimi nitavitaka. Nilikata kamba kwa kisu cha jikoni. Kabla sijaona kilichomo ilinipanda harufu ya udongo uliowahi kulowa ukakaukia ndani ya karatasi, nikajikuta nimekaa chini, mtu mzima, wajukuu wangu wananiangalia. Mjane alidhani namlilia mumewe. Sikumsahihisha. Nilikuwa namlilia mtu mwingine, aliyekufa nikiwa na miaka kumi, na mpaka leo sijui sehemu yangu katika kifo chake ni kubwa kiasi gani.

Ukoo wetu ni katika zile nyumba zilizorudi Oman kutoka Unguja. Tulikaa Ibra, mji ambao babu wa babu yangu aliuacha kwenda kutafuta maisha ya karafuu. Wenzangu mliokulia huko mnajua tulivyopokewa. Tulipokewa vizuri, kwa kahawa na tende na salamu ndefu, halafu tukaitwa Wazinjibari. Babu alisema Kiarabu cha kitabuni chenye lafudhi ya Forodhani. Bibi alikuwa na Kiarabu cha jikoni tu, na Jumatano, kwenye soko la wanawake, alinunua kwa kunyoosha kidole. Jamaa zetu ambao hawakuwahi kutoka Ibra walitupenda, sisemi uongo, lakini mazungumzo yakifika kwenye ardhi na nasaba walianza kusema nasi polepole, namna mtu anavyosema na mgonjwa.

Kwa hiyo kila nyumba ya Wazinjibari ilikuwa na mtu wake wa kuwafunga watu midomo. Wengine walikuwa na daktari, wengine rubani. Sisi tulikuwa na mhandisi. Babu alikuwa na saa zake za maji ya falaji, ule mfereji wa kale unaonywesha mashamba yote ya mji kwa zamu, na aliziuza saa zile ili kitindamimba wake, Seif, akae Uingereza miaka sita akisomea uhandisi wa majengo. Mtende usio na zamu ya maji hufa taratibu. Nilipopata akili, zaidi ya nusu ya mitende ya Babu ilikuwa imebaki magogo, naye alipita katikati yake na bakora yake akiwaambia watu, kwa kujigamba, kwamba hii imekwenda Ulaya kusoma.

Ami Seif alirudi mwembamba, na mtindo wa kutazama chini kila anapotembea. Bibi alisema ni adabu. Wanawake wengine walisema ana mtu amemwacha huko. Yeye alisema anasubiri barua ya serikali. Wakati anasubiri, watu wakamletea pampu zilizokufa, michoro ya vyoo, na mara moja jokofu. Aliitazama kila pampu muda mrefu, kwa heshima, halafu akasema inataka kipuri kutoka Maskati. Bibi hakumwachia hilo. Alisema tulidhani tumesomesha muhandis kumbe tumesomesha utingo, kazi yake kuwapakia watu magari ya Maskati. Tukacheka sote, naye akacheka, na mimi peke yangu, nilivyokuwa nakaa karibu yake, niliona tonge lake limerudi kwenye sinia. Nikadhani ameshiba.

Ilikuwa Ramadhani nilipotumwa kumwamsha kabla ya futari. Hakuwamo chumbani. Begi lake lilikuwa wazi kitandani, na ndani yake mna soksi zilizopigwa fundo, zimetuna. Nikaona bila shaka ni peremende za Uingereza, amezificha kwa ajili ya mfungo. Nilifungua soksi moja, nikatoa kigae. Kilikuwa kipande cha sahani, chekundu, laini, kina mng'aro wa kitu kilichopakwa mafuta, na nyuma yake kimeandikwa namba ndogo kwa wino mweusi. Nilikinusa. Halafu, kwa njaa na kwa kutoamini kwamba mtu mzima anaweza kufunga soksi fundo kwa ajili ya kitu kisicholika, nikakilamba.

Ami Seif alikuwa amesimama mlangoni. Nilingoja anipige. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kama kimenata kwenye ulimi. Nikasema hakikunata. Akasema basi ni udongo, kwa sababu mfupa wa kale hunata, na hivyo ndivyo wanavyotofautisha wakiwa shimoni na mikono imejaa vumbi.

Akaniambia yote siku ile ile, tumekaa sakafuni, adhana inakaribia. Mwaka wa pili aliuacha uhandisi. Wakati wa likizo alikuwa amefuatana na wanafunzi wenziwe kwenda Italia kuchimba mji uliozikwa, na mwalimu alimpa brashi na ndoo ya maji asafishe sakafu moja. Alipoimwagia maji, ikatokea samaki, samaki mzima aliyetengenezwa kwa vijiwe vidogo kuliko punje za mahindi, jicho lake jeusi, na hakuna mtu aliyekuwa amemwona tangu wenye nyumba walipokufa. Ami alisema alilia mbele ya watu. Aliporudi chuoni hakuweza tena kukaa na hesabu za zege. Akahamia kwa wale wanaosomea akiolojia ya Wagiriki na Warumi wa kale, watu wanaomjua marehemu kwa takataka zake. Barua ya kumweleza Babu aliianza mara nyingi. Kila mwaka uliopita uliifanya ile barua kuwa ngumu zaidi, na huku mitende inakauka. Sasa alikuwa akisubiri jibu la idara ya mambo ya kale. Wakimpa kazi, atamwendea Babu akiwa na mshahara na gari la serikali, na aibu itapungua.

"Baada ya Idi Kubwa nitamwambia mwenyewe," alisema. "Mpaka hapo, mimi na wewe tu."

Nikaapa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunipa kitu cha kuficha, na nilijiona nimekua kwa usiku mmoja. Siri ya mtungi muulize kata, wanasema. Kata yenyewe ilikuwa mimi, na ilikuwa inajivuna.

Kuanzia hapo, kila baada ya alasiri, tulijifungia kwenye stoo ya nyuma, kati ya magunia ya tende. Alinifundisha kuweka ukingo wa kigae juu ya karatasi yenye miduara, kukiinamisha mpaka mwanga usipite chini yake, halafu kusema: bakuli hili lilikuwa na upana huu. Kipande cha vidole viwili, na bakuli zima likarudi. Alinifundisha kukichora, nusu ya nje na nusu ya ndani, kwa penseli iliyochongwa sana. Kigae kimoja cha mtungi wa mvinyo kilikuwa na alama ya dole gumba la mfinyanzi pale alipobandika mkono wa mtungi. Nilitia dole gumba langu mle ndani. Ami alisema Warumi walizipenda dini zao za kufukiza, na ubani walioufukiza ulitoka pande zetu hizi, kwa hiyo merikebu za kuufuata zilifika, na lazima mahali fulani kule pwani, Sur au chini yake, kuna mtungi wao umevunjika. Alitaka kuutafuta mtungi ule maisha yake yote. Sijawahi kumwona mtu ana furaha ya namna ile.

Ndipo nilipokosea, na kosa langu lilikuwa la mapenzi. Nilielewa kwamba ami yangu si mhandisi, lakini nilielewa kwamba yeye ni zaidi ya mhandisi. Mhandisi huijua nyumba ya leo. Mtu anayeweza kushika kipande cha ukingo akakuambia bakuli la watu waliokufa miaka elfu mbili lilikuwa na upana gani, atashindwa na nyumba ya babu zake? Sikuona kwamba siri niliyoishika ilikuwa na ncha. Niliona kwamba Babu ana kitu kizuri kuliko anachojua, na akija kuambiwa atashangaa tu.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa zamani, ng'ambo ya wadi, ule mto mkavu, karibu na minara ya ulinzi iliyobomoka. Ilijengwa kwa udongo na mawe na faida ya karafuu, ghorofa mbili, mlango wa kuchonga. Babu aliisikia hadithi yake kwa baba yake maisha yake yote ya Unguja, na aliporudi Oman aliikuta ina popo. Sisi tulikaa nyumba ya matofali ya saruji upande wa barabara kuu. Nyumba ya pili ya ile ya zamani, iliyoshirikiana nayo ukuta, alikaa Hamdan, mtoto wa binamu ya Babu, na mkewe na watoto saba, watu ambao hawakuwahi kutoka Ibra hata siku moja. Chini ya nyumba yetu ya zamani kulikuwa na sabla, ule ukumbi wa kupokelea wanaume, na Babu alikuwa na ombi moja tu katika dunia: apokee wageni wa Idi ndani ya sabla ya babu yake. Alisema mtu akishakaa pale, akamwagiwa kahawa pale, hakuna atakayemuuliza tena ametoka wapi.

Ami aliniambia tufuatane tukaitazame kwanza, sisi wawili. Alipiga magoti, akatia kidole chini ya ukuta, pale ulipokutana na ardhi. Kidole kikaingia mpaka kifundo cha pili. Chumvi hupanda na unyevu ikala mguu wa ukuta, alinieleza. Nyumba ya udongo haiumwi kichwa, huumwa miguu. Nilimuuliza kama ni mbaya. Alifikiri, akasema ameona kuta zilizoliwa kuliko hizi, huko Ugiriki, na zimesimama mpaka kifuani kwake miaka elfu mbili. Alisema kweli. Nilizikuta picha zake kwenye katoni, kaandika nyuma yake urefu kwa sentimita.

Babu alipomtaka aseme kama nyumba inafaa kufunguliwa, alijaribu kukwepa, hilo lazima niliseme kwa ajili yake. Mara ya kwanza alisema vyombo vyake vya kupimia bado viko njiani. Mara ya pili alisema bora aitwe mtaalamu kutoka Maskati. Usiku ule Babu hakula, na Bibi alituambia ameumia. Mtu mwenye mhandisi ndani, anaambiwa akaazime mhandisi kwa watu? Alhamisi ya pili Babu aliwakusanya jamaa wote kwenye kiwanja cha nyumba ya zamani, Hamdan akiwemo, na mimi nimeshika kidole cha Ami Seif. Akamuuliza kwa Kiarabu, ili wote wasikie.

"Seif, mwanangu. Wewe ni muhandis au si muhandis? Nambie mbele ya jamaa zako. Nyumba hii itasimama?"

Ami alimtazama Babu, akaitazama nyumba, halafu akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu. Sasa najua alikuwa anatafuta nini kwenye uso wangu, mtu pekee pale aliyejua ukweli. Labda neno moja la mtoto lingemfungulia njia. Mimi niliona ami yangu ameingiwa na haya na anataka kutiwa moyo. Nikamtikisia kichwa, ndiyo, ndiyo, na nikatabasamu.

"Itasimama, baba," alisema.

Babu alimkumbatia. Hamdan naye, kwa kuwa ukuta ni mmoja, akauliza ya kwake, na mtu aliyesema moja hana budi kusema ya pili. Ya Hamdan nayo ikasimama.

Kazi ikaanza siku ya pili. Mafundi walitoa popo, wakatandika mikeka mipya juu ya magogo ya mitende ya darini, na kwa kuwa nyumba inayofunguliwa upya haikosi kupigwa udongo mpya juu ya paa, wakapiga udongo. Babu alitaka unene wa kuheshimika. Walikanyaga udongo na makapi kwa miguu pale kiwanjani siku tatu, wakaupandisha kwa ndoo, ukiwa majimaji, ndoo baada ya ndoo, na mtaa mzima ukanuka. Ami Seif alikaa chini kivulini akitazama. Hakusema kitu kwa sababu hakuwa na cha kusema. Hili nimelielewa ukubwani, kwa kusoma vitabu vyake: nyumba zote alizozisomea, kutoka Ugiriki mpaka Rumi, hazikuwa na paa. Paa ndilo linalotangulia kwenda. Alijua sakafu, alijua msingi, alijua vigae na mifupa na majivu, alijua kwa nini kila ukuta ulianguka. Hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha kuuliza udongo mbichi una uzito gani juu ya ukuta uliosimama.

Asubuhi ya Idi Kubwa wanaume walisali kiwanjani nje ya mji. Babu hakungoja kumaliza kupeana mikono. Alitangulia, akiwa na kanzu mpya na kilemba cha Unguja ambacho Bibi alikipiga pasi mara mbili. Mimi nilipelekwa na chupa mbili za kahawa. Nilimkuta sablani peke yake, ameshatandika, chetezo kinafuka, anahesabu mito kwa bakora. Sijawahi kumwona vile. Alikuwa akiimba chinichini. Akaviangalia vikombe, akasema havitoshi, watakuja wengi kuliko alivyodhani, nirudi mbio nikachukue vingine.

Nilikuwa nimefika kwenye kona. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mtu anayetua gunia. Nilipogeuka, vumbi lilikuwa linatoka madirishani taratibu, jekundu, na likanifikia na harufu yake, udongo na makapi na ubani. Nilisimama na mikono yangu mitupu. Nyuma yangu jamaa walikuwa wanakuja njiani, wengi kweli, wanacheka, wanapeana Idi njema. Zilibaki dakika chache waingie.

Walichimba na nguo zao nyeupe. Ami Seif alichimba kwa kucha, mtu aliyefundishwa kuondoa udongo kwa brashi na kijiko, na alipowaambia watu wasikanyage pale, waanzie pembeni, walimtii, kwa sababu alikuwa mhandisi. Ndiye aliyeiona bakora kwanza.

Matanga yalikuwa nyumbani kwetu, nyumba ya saruji. Wanaume walikaa majlisi, wanawake chumba cha ndani pamoja na Bibi, aliyekwisha kuingia eda, na mlango wa katikati ukaachwa wazi kwa pazia. Mimi nilikaa kizingitini, nusu huku nusu huku. Siku mbili niliwasikia watu wakimfariji Ami kwa maneno yale yale, kwamba ajali haina muhandis, kwamba siku yake marehemu ilifika na angekuwa kitandani pia angekwenda. Hakuwa amekula. Alikuwa na udongo ndani ya kucha na hakuna aliyemwambia akaoshe.

Siku ya tatu Hamdan alisogea karibu yake. Alikuwa mtu mpole, aliona haya kuuliza jambo lake mbele ya msiba. Alisema usiku wa kwanza aliwahamishia mkewe na watoto kwa wazee wake, lakini watoto ni wengi na nyumba ya wazee ni ndogo, wanataka kurudi leo. "Ulisema zote mbili zitasimama," alimwambia. "Ya kwenu ni kadari. Ya kwangu wewe unaionaje? Niwarudishe?"

Ami alisema, "Mimi si muhandis."

Hamdan alimshika bega. Mzee mmoja akasema majonzi haya, mwacheni apumzike. Ami akarudia, kwa sauti ile ile, kwamba yeye si muhandis, hajawahi kuwa muhandis. Wakamwombea dua. Kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kumhurumia; mtoto aliyefiwa na baba akajilaumu, nani hajawahi kumwona? Mtu mwingine akamwambia Hamdan kwamba akili ya Seif haipo hapa leo, na neno lake la kwanza, alilolisema akiwa na akili, ndilo la kushika. Hamdan akaitikia kwa kichwa. Nilimwona anavuta viatu vyake kwa mguu, yuko tayari kwenda kuwachukua watoto wake saba kuwarudisha chini ya lile paa.

Nilisimama. Nilisema kwa Kiarabu, ili wote waelewe, na sauti yangu ilitoka nyembamba.

"Anasema kweli. Alisomea vigae vya Warumi. Majengo hakusomea. Vigae vimo kwenye soksi zake."

Ni zile soksi zilizowafanya waamini. Mtu hawezi kuzusha soksi. Baba yangu, aliyekuja kutoka Maskati kwa mazishi, aliinuka akaenda chumbani kwa ndugu yake, akarudi nayo moja, akaimwaga katikati ya mkeka, kando ya tende na vikombe. Vilikuwa vitano. Wazee waliviangalia. Hakuna aliyemtukana Ami. Waliinuka mmoja mmoja, na Hamdan alikuwa wa kwanza, na hakuwarudisha watoto wake siku ile wala siku nyingine. Nyumba yake bado imesimama. Nilipita mwaka jana, watalii wanaipiga picha.

Baba hakusema na Ami kwa miaka minne. Barua ya idara ya mambo ya kale ilifika wiki mbili baada ya matanga, na ilikuwa imemkubali. Aliirudisha. Akahamia Sur, akafundisha historia kwenye shule ya wavulana, akaoa, akazaa, na kila alipokwenda pwani alitembea akiangalia mbele. Mkewe ameniambia hakuwahi kujua kwamba mumewe alisomea jambo jingine lolote.

Lakini siku ile ya tatu, majlisi ilipobaki na mikeka tu, pazia lilifunguliwa kidogo na Bibi akaniita. Nilijua ataniita. Kiarabu chake kilikuwa kidogo lakini yale niliyoyasema yalikuwa maneno mepesi. Wanawake walimpisha, wakatoka, tukabaki mimi na yeye. Alikuwa amekaa na mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, na alionekana mdogo. Alinikalisha mbele yake, akanishika mikono yote miwili.

"Ulijua toka lini?"

"Toka Ramadhani, bibi."

Akashika vidole vyangu kimoja baada ya kimoja. Nilidhani anahesabu miezi. Nikaanza kumweleza kwamba niliapa, kwamba Ami alikuwa atasema mwenyewe baada ya Idi, kwamba nilidhani anaweza. Alinisikiliza mpaka nikakosa pumzi. Hakunikaripia. Alikuwa bado ameishika mikono yangu, na anaipapasa.

"Ungenambia miye, mwanangu," alisema. "Nisingemwambia mtu. Ningejilaza pale mlangoni tu, babu yako asipite."